Daktari wa Jeshi na Nzi Wanaofanana

Mto wetu Rusizi humwaga maji yake Tanganyika, ziwa ambalo mwambao wake ulipatwa na msiba wa malale mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo twamkumbuka David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1855.

Alipowasili Uganda mwaka 1903, malale yalikuwa yakiua maelfu. Huko Zululand alikwisha kugundua kwamba mbung'o huambukiza ng'ombe nagana, basi akamshuku tena. Machifu na wamisionari wakamletea nzi waumao kutoka kila upande. Kazi ikawa kuwachambua, kwani kosa dogo lingeharibu ramani nzima. Nzi wa zizini naye ana mdomo ulioelekea mbele, lakini mabawa yake huachana; mbung'o huyalaza moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Hata akifa, katikati ya bawa hubaki alama yenye umbo la shoka.

Ramani ya mbung'o ikalingana na ya malale. Baadaye wakazi wa mwambao wa Viktoria walihamishwa, amri chungu kwa wavuvi.

Bruce alifariki Novemba 1931, siku nne baada ya mkewe Mary, msaidizi wake wa maabara.