Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui: Kadhi aliyefungwa na Sultani Barghash

Mwaka 1887, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliamuru afungwe mwanazuoni mashuhuri wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui. Sheikh huyo hakuwa ameshika silaha wala kudai kiti cha enzi. Kilichomponza ni elimu yake na watu waliomsikiliza.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1825, katika ukoo ulioutawala mji huo kwa takriban karne moja. Alipokuwa na umri wa miaka 12 utawala huo ulianguka. Seyyid Said aliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1837, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi. Ali akaifuata njia ya elimu. Alisoma Makka, kisha akarejea na kushika kazi ya ukadhi.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani wake. Wazee wake walikuwa Waibadhi, kama walivyokuwa masultani wa Zanzibar. Yeye alifuata madhehebu ya Shafii, yaliyokuwa ya Waswahili walio wengi, akayafundisha hadharani. Kwa Barghash, aliyeanzisha kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kiibadhi, dini na dola havikutengana, na mzao wa watawala wa zamani mwenye wafuasi hakuwa mtu wa kupuuzwa. Sultani huyo alizijua vyema fitina za ikulu: mwaka 1859 yeye mwenyewe alimwasi ndugu yake, Seyyid Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Sheikh Ali alibaki kifungoni hadi Barghash alipofariki dunia mwezi Machi 1888. Mrithi wa kiti, Seyyid Khalifa, akamfungua. Kadhi huyo alifariki mwaka 1894, akimwacha mwanawe, Al-Amin, akiwa na miaka mitatu tu.

Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Mjukuu, Profesa Ali Mazrui, naye alilazimika kuihama Uganda katika miaka ya 1970 baada ya kuukosoa utawala wa Idi Amin.

Usultani wa Zanzibar ulipinduliwa mwaka 1964. Vitabu vya ukoo wa kadhi yule vingali vikisomwa.