August Bier, daktari aliyejichoma sindano ya mugongo mbele ya kuendelea na wagonjwa

Huku kwetu Butembo na Beni, mama akipelekwa kupasuliwa ili azae, kuna jamaa wanaouliza: ile sindano ya mugongo haitamulemaza? Swali hilo si la kucheka. Ili kuelewa sindano hiyo na uangalifu inaodai, tufuate maisha ya August Bier, muganga Mujerumani.

Bier alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1861, kule Helsen. Alisomea udaktari, kisha akawa musaidizi wa mupasuaji mukubwa Friedrich von Esmarch katika muji wa Kiel. Wakati ule mugonjwa alilazwa usingizi kwa kuvutishwa kloroformu ao eteri. Wengine walitapika sana, wengine hawakuamuka tena. Katika muji uleule, Heinrich Quincke alikuwa ameonyesha, mwaka 1891, kwamba sindano inaweza kuingia chini ya mugongo na kutoa maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Kama maji yanatoka, basi dawa pia inaweza kuingia. Hapo njo Bier alianzia.

Tarehe 16 mwezi wa 8, 1898, alichoma kokaini kidogo mugongoni mwa mufanyakazi wa miaka 34, mwenye kifua kikuu kwenye kifundo cha muguu. Dawa ya usingizi ilikuwa imemutesa huyo mutu mbele. Safari hii alipasuliwa bila kusikia maumivu, lakini kisha akatapika na kichwa kikamuuma sana.

Bier alitaka kujua sababu. Siku nane baadaye, yeye na musaidizi wake Hildebrandt wakajifanya wagonjwa. Bier akaanza. Kumbe bomba halikulingana na sindano: maji ya mugongo yakamwagika mingi, dawa pia. Zamu ikageukia Hildebrandt, na miguu yake ikafa ganzi. Alichomwa, akaunguzwa na sigara, akapigwa nyundo kwenye mufupa wa muguu, hakusikia maumivu. Jioni wakakunywa divai kwa furaha. Kisha Bier alisumbuliwa na kichwa siku 9, akipata nafuu tu akilala. Hildebrandt naye alitapika, miguu imejaa alama za kipigo.

Mwaka 1899 Bier alitangaza yote, mazuri na mabaya. Aliona kwamba kupoteza maji ya mugongo kunaleta kichwa kuuma, na kwamba kokaini ni kali mno. Mwaka 1907 alihamia Berlin, na 1908 akaonyesha njia ya kutia ganzi mukono kupitia mushipa wa damu. Alikufa tarehe 12 mwezi wa 3, 1949, kule Sauen, alikokuwa amepanda musitu.

Leo sindano ni nyembamba sana, na bupivakaini imechukua nafasi ya kokaini. Ganzi ya miguu inaisha kisha masaa machache. Ulemavu ni jambo la nadra sana. Lakini hatari haijaisha. Tansio inaweza kushuka gafula, ndiyo maana inapimwa mara kwa mara, na serumu na oksijeni vinakuwa karibu. Ngozi inasafishwa vizuri. Kama damu yako haigandi vizuri, unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, ao una kidonda mugongoni, sema mbele ya kuchomwa.

Tangu 1979, waganga wa Marekani walionyesha kwamba morfini kidogo sana mugongoni inatuliza maumivu makali ya kansa. Lakini inaweza kupunguza pumzi masaa mengi baadaye. Mugonjwa huyo anachungwa muchana na usiku, na morfini yenyewe iwe ile isiyotiwa dawa ya kuihifadhi.

Kuna kosa lingine. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba asidi traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, imechomwa mugongoni kwa sababu ampule zinafanana. Kosa hilo linaua. Ampule ziwekwe mbali-mbali, na jina lisomwe na watu wawili mbele ya kuchoma.

Nawe ukitoka hospitali, rudi mbio kama kichwa kinauma zaidi ukikaa, ukipata homa, ao miguu ikibaki na ganzi. Bier hakuficha yaliyomupata. Hata wewe usifiche.