Mwenda Jean-Bosco, fundi wa Bunkeya aliyefanya gitare moja ilie kama tatu

Ukitoka Lukafu na kuelekea magharibi, ng'ambo ya mto Lufira, unafika Bunkeya, makao ya zamani ya mfalme Msiri wa Bayeke. Huko ndiko alikozaliwa Mwenda Jean-Bosco mwaka 1930. Wazee wa Likasi na Lubumbashi wanamjua kwa wimbo mmoja kuliko nyimbo zingine zote: Masanga. Vijana wengi wameusikia bila kujua ni wa nani.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alimkuta kijana huyo akipiga gitare katika barabara za Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Akamnasa na nyimbo kadhaa, Masanga na Bombalaka zikiwemo. Mwaka huohuo Masanga ikapata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikauza diski zake, na jina la kijana wa Katanga likasafiri mpaka Nairobi kabla yeye mwenyewe hajafika huko.

Siri yake ilikuwa nini? Si gitare ya bei kali. Ilikuwa gitare ya mbao ya kawaida, nyuzi sita za chuma, bila umeme. Mkono wa kuume ulifanya kazi kwa vidole viwili tu: gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika besi na kutembea nayo bila kuchoka, kidole cha shahada kikachomoa sauti ya juu, na kati yake nyuzi ambazo hazikubanwa ziliendelea kulia. Msikilizaji asiyeambiwa kitu anaweza kudhani ni watu wawili, pengine watatu.

Wapigaji wa Katanga wa kizazi hicho walikuwa na njia zao za kutengeneza sauti. Ukitaka kupandisha wimbo ufuate koo lako, hukuwa na haja ya kujifunza mikao mipya ya vidole: ulifunga kapo kwenye shingo ya gitare. Aliyekosa kapo ya dukani alichukua kalamu ya risasi na kamba au mpira, akaikaza juu ya nyuzi. Ila kalamu ikilegea upande mmoja, nyuzi za upande huo zinakwaruza badala ya kulia. Ikikazwa kupita kiasi, noti zinapanda na gitare haikubaliani tena na mwimbaji. Hivyo kila ukisogeza kapo unarudi kwenye funguo za kichwani na kusikiliza upya, uzi kwa uzi. Ukipiga karibu na pale nyuzi zinapofungwa chini, sauti inatoka kali kama ya likembe. Ukisogea kuelekea shingo, inakuwa nene. Hakukuwa na kifungo cha kuzungusha, mabadiliko yote yalitoka mkononi.

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka ileile, huko Marekani, muziki wa kantri ulikuwa unafuata njia nyingine kabisa. Mwaka 1954 diski ya Webb Pierce, Bud Isaacs akiwa kwenye gitare ya chuma yenye pedali, ilisikika kila mahali. Mchezaji wa gitare ile anakaa mbele yake kama mbele ya meza, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mguu wake unakanyaga pedali inayovuta uzi mpaka noti ipande. Ina fimbo na vyuma vingi, na kila kimoja kinahitaji kurekebishwa. Mwenda alizipenda filamu za kauboi na pia diski za Kuba, na zote zimeacha alama katika nyimbo zake. Lakini kazi ambayo wenzake wa ng'ambo waliachia mashine yeye aliifanya kwa vidole. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu Masanga haijazeeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi kwa muda. Alipiga muziki redioni, na vijana wa Kenya walikaa karibu na redio wakijaribu kufuata vidole vyake kwa sikio. David Rycroft naye alikaa na diski hizo, akaandika nota zake moja baada ya nyingine katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Mwanafunzi wa Likasi anayetaka kusoma mkono wa Mwenda kwenye karatasi anapaswa kuanzia hapo, katika jarida la Kiingereza lililochapwa Afrika Kusini.

Nyumbani, sifa hizo hazikutosha kumlisha. Alirekodi nyimbo nyingi sana, lakini alifanya kazi ya banki, akafanya kazi katika kampuni ya madini, akasimamia orkesta, na baadaye akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, Jean-Bosco likawekwa pembeni, likabaki Mwenda wa Bayeke, jina linalomrudisha moja kwa moja Bunkeya.

Mwaka 1988 alirekodi tena, mjini Cape Town. Nyimbo za ujana wake zilikuwemo, na vidole vilikuwa bado vinajua njia. Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, alikufa katika ajali ya gari.