Livingstone na miezi mitano ya kungoja Kwihara, Tabora

Ukitoka Tabora mjini, nje kidogo tu, unafika Kwihara. Pale lipo tembe ambalo siku hizi ni makumbusho. Wengi wanajua David Livingstone aliishi humo. Alichokuwa anafanya ndicho hakisemwi sana: alikuwa anangoja.

Novemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji, mgonjwa na hana kitu, mali aliyotumiwa kutoka pwani imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Februari 1872 wakafika wote Kwihara. Stanley akamsihi warudi Uingereza. Mzee akakataa. Alikuwa hajapata chanzo cha Nile, na aliamini kazi ile amepewa na Mungu.

Machi 14 Stanley akashika njia ya Bagamoyo, akiahidi kumtumia wapagazi. Siku tano baadaye Livingstone akatimiza miaka 59, akaandika kwenye shajara yake sala ya kujitoa upya kwa Yesu.

Halafu ikaanza kazi ngumu kuliko kutembea: kukaa. Simu hakuna, na habari za pwani huja kwa miguu, miezi. Njia yenyewe haikuwa salama, maana Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe. Akahesabu siku, akaandika, akafuga ng'ombe wa maziwa na kujitengenezea jibini. Aprili ikapita. Mei, Juni, Julai, wapagazi hawaonekani.

Tusimpambe. Hakuzaliwa na subira huyu. Kwenye safari ya Zambezi aligombana na karibu kila Mzungu aliyefuatana naye. Subira ilimjia ukubwani, kule Manyema, Kongo ya leo, alikokwama miezi kadhaa kwa vidonda vya miguu akaisoma Biblia yote mara nne. Na huko huko Manyema, Julai 1871, aliona wafanyabiashara wa utumwa wakimimina risasi kwenye soko la Nyangwe, wengi wa waliokufa wakiwa wanawake. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kuandika.

Kumbe maandishi yale yalikuwa kwenye mzigo wa Stanley! Julai 1872, mzee akiwa bado anachungulia njia ya pwani, barua zake zilikuwa zinachapwa magazetini Marekani na Uingereza. Watu wakachachamaa. Serikali ya Uingereza ikamtuma Bartle Frere Zanzibar kumbana Sultani kuhusu biashara ya watumwa. Livingstone alishaandika kwamba kukomesha biashara hiyo kungekuwa jambo kubwa kuliko kupata chanzo cha Nile. Sasa lilikuwa limeanza, naye kule Kwihara anaona siku zake zinapotea bure.

Wapagazi 57 walifika Agosti 14. Agosti 25 msafara ukaondoka. Mto Lualaba aliodhani ni Nile ulikuwa Kongo, na hilo hakulijua mpaka mwisho. Mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakata roho.

Juni 5 mwaka huo huo Sultani Barghash akasaini mkataba, soko la watumwa Zanzibar likafungwa. Alipishana nalo kwa mwezi mmoja tu.

Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake kule kule, wakaukausha mwili na kuubeba. Oktoba walikuwa tena Kwihara. Mwingereza Verney Cameron waliyemkuta hapo alishauri wamzike, wakakataa, wakaendelea na njia ile ile ya misafara. Krismasi ya 1873 iliwakuta bado safarini na mzigo wao. Siku hiyo hiyo, Zanzibar, pale palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana. Wao walifika Bagamoyo Februari.