Joy Adamson: Mchoraji aliyefunikwa na sifa za simba

JINA la Joy Adamson likitajwa, wengi humkumbuka simba Elsa, aliyezikwa mwaka wa 1961 katika nyika ambayo baadaye ilikuwa Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Wachache hukumbuka kwamba, kabla Elsa hajazaliwa, mama huyo alikuwa ameshachora mamia ya picha za watu wa Kenya, wakiwemo Wameru, ambao baraza lao la wazee, Njuri Ncheke, lina makao yake Nchiru.

Alizaliwa mwaka wa 1910 mjini Troppau, uliokuwa chini ya Austria, akawasili Kenya mwaka wa 1937. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ni katika safari zao ndipo Joy alipoanza kuchora maua. Kazi hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka wa 1947.

Maua ndiyo yaliyomfunza. Anayechora ua kwa ajili ya wanasayansi huliacha peke yake juu ya karatasi nyeupe, ili ukingo wa kila petali uonekane. Serikali ya kikoloni ilipomwagiza kuchora watu wa makabila mbalimbali, Joy aliihamishia mbinu hiyo kwenye nyuso zao. Ngozi nyeusi ikakabiliana na weupe wa karatasi; shanga na shaba zikang'aa juu ya ngozi hiyo. Nyuma hakuna kibanda wala mti, hivyo jicho la mtazamaji halina pa kukimbilia ila usoni.

Alifanya haraka, kwani mavazi na mapambo hayo yalikuwa yakitoweka. Hata hivyo, weupe huo ulikuwa na gharama yake. Mzee wa Kimeru asiye na milima ya Nyambene mgongoni huonekana kama mtu asiye na kwao, aliyewekwa kama kielelezo cha mmea. Uwezo wa picha na upungufu wake vyatoka mahali pamoja.

Nyingi za picha hizo zimehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilitoka mwaka wa 1967.

Joy aliuawa Shaba Januari 3, 1980. Awali ilidhaniwa ameraruliwa na simba, kumbe ni mkono wa binadamu. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa.