James Parkinson, Tabibu wa Watetemekao

Hapa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, baridi ya alfajiri huwatetemesha hata vijana. Mzee akionekana mkono wamtetemeka, watu husema ni baridi. Jua likiwaka naye angali akitetemeka, husema ni ulevi, au amepandwa na majini. Dhana hizo nimezisikia hata kwetu pwani. Ndipo nikaona niwasimulie wasomaji habari za tabibu mmoja wa Kiingereza, James Parkinson, ambaye jina lake wengi tulilijua kwa ajili ya bondia Muhammad Ali, aliyeugua maradhi hayo.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 katika mtaa wa Hoxton, London. Baba yake alikuwa tabibu, na mwana akairithi kazi hiyo papo hapo mtaani. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliandika kuwatetea maskini, hata mwaka 1794 akahojiwa mbele ya wakuu wa serikali, rafiki zake waliposhtakiwa kwa njama ya kumwua Mfalme.

Mwaka 1817 alitoa kijitabu kuhusu wagonjwa sita. Baadhi yao hakupata kuwatibu. Aliwaona njiani tu. Alitambua kwamba mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, mwili huinama, na hatua huwa fupi za mbiombio, kama mtu anayesukumwa. Akafahamu kuwa yote hayo ni maradhi ya namna moja. Alifariki tarehe 21 Desemba 1824 bila kuijua dawa yake. Baadaye tabibu Mfaransa, Charcot, akayapa maradhi hayo jina la Parkinson.

Leo yajulikana kuwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, viungo vikakakamaa na mwendo ukawa mzito. Si kila mgonjwa hutetemeka. Wengine sauti hufifia na mwandiko huwa mdogo. Hayaponi kabisa, lakini tangu miaka ya 1960 iko dawa iitwayo levodopa, na mazoezi husaidia. Msiba ni kutotambuliwa. Utafiti wa wilaya ya Hai, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawajapata kuambiwa wanaugua nini.

Basi mzazi akianza kutetemeka, asichekwe wala asifichwe ndani. Dua tumwombee, na hospitali tumpeleke. Parkinson aliwatazama wagonjwa wake ilhali dawa hana. Sisi dawa ipo. Tusipowatazama wazee wetu, tutakuwa na udhuru gani?