Daktari Martin Luther katika Miezi ya Giza

Jina la Daktari Martin Luther mmelizoea tangu mafundisho ya kipaimara. Mwajua habari za zile hoja 95 za mwaka 1517, na jinsi alivyosimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano mjini Worms mwaka 1521 asikane alichoandika. Basi twamdhania kuwa mtu wa mwamba, asiyetikisika. Leo nataka kuwasimulia upande wake mwingine, usiosemwa sana: ya kuwa mtu huyu alikuwa na maradhi ya huzuni, ya kuwa yalimrudia mara nyingi maishani mwake, na namna alivyoishi nayo.

Nasimulia haya kwa sababu ya jambo lionekanalo hapa kwetu Nyarubungo kila mwaka. Mvua zikishika mwezi wa Novemba, na tena Machi na Aprili, ukungu hulala juu ya vilima hata jua lipande, njia huwa matope, na watu hukaa ndani karibu na moto. Wengi huifurahia mvua, maana ndiyo chakula chetu. Lakini wako ambao moyo wao hushuka pamoja na mawingu. Mtu huacha kuja ibadani, huacha kuimba, hulala mchana, chakula hakimpendezi. Akiulizwa, husema hana neno. Ndipo majirani huanza kunong'ona. Wengine husema amerogwa. Wengine, nao ni Wakristo, husema imani yake imepoa. Neno hili la pili huumiza kuliko la kwanza, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hulisadiki.

Huko Ujerumani alikozaliwa Luther, giza la majira ni kubwa kuliko letu. Sisi mwaka mzima twapata mchana wa saa kumi na mbili, hupungua au kuzidi dakika chache tu. Lakini katika mji wa Wittenberg, mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili ya asubuhi, nalo hutua kabla ya saa kumi ya alasiri. Tena siku nyingi halionekani kwa mawingu. Miti husimama mitupu, na ardhi huwa ngumu kama jiwe kwa baridi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika habari za watu wanaoshikwa na huzuni kila yanapofika majira hayo, nao hupata nafuu mchana unaporefuka tena. Na wengi wao hutibiwa kwa kuketishwa kila siku mbele ya taa yenye nuru kali. Sisemi kwamba maradhi ya Luther yalikuwa hayo hasa, maana yalimshika hata wakati wa jua, kama tutakavyoona. Lakini majira mawili ya baridi yalimjaribu kuliko mengine, na kwa hayo twaweza kumjua.

Alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, Hans, alifanya kazi ya machimbo ya shaba. Mwaka 1505 kijana Martin aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt, na huko hofu ya hukumu ya Mungu ilimtesa sana, hata mkubwa wake, Johann von Staupitz, akawa na kazi ya kumtuliza mara kwa mara. Habari hizo mmezisikia, nazipita.

Majira ya kwanza ya giza ninayotaka kuyasimulia ni ya mwaka 1521. Baada ya Worms, Luther alipigwa marufuku katika nchi yote, na mtu yeyote angeweza kumkamata. Mtawala wa Sachsen, Friedrich, akamficha katika ngome ya Wartburg, juu ya mlima wenye msitu. Akafika mwezi wa Mei, akavuliwa kanzu ya utawa, akavikwa nguo za askari wa farasi, akafuga ndevu, akaitwa Jörg. Aliyezoea darasa la wanafunzi, mimbari na meza yenye rafiki, sasa alisikia ndege mchana na upepo usiku. Mwili ukamwuma, tumbo likafunga. Katika barua zake alijilaumu kuwa mvivu na baridi katika sala, ingawa kila tukihesabu maandiko aliyoyatunga mwaka ule twashangaa. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu: mtu hufanya kazi ya watu watatu, na bado moyo wake humshitaki kwamba hakufanya kitu. (Ile hadithi ya kwamba alimtupia shetani kidau cha wino ni ya watu wa baadaye, yeye mwenyewe hakuiandika.)

Mwanzo wa Desemba akashindwa kuvumilia upweke. Akashuka mlimani kwa siri, akaenda Wittenberg, akakaa siku chache pamoja na Philipp Melanchthon na rafiki wengine. Hao ndio waliomhimiza aitafsiri Biblia kwa lugha ya watu wa nchi. Kisha akarudi ngomeni, na usiku wa mwaka ulikuwa umefikia urefu wake wote. Akaanza Agano Jipya. Kwa muda wa majuma kama kumi na moja akalimaliza, na tarehe 1 Machi 1522 akaondoka mlimani pale. Kitabu kikapigwa chapa mwezi wa Septemba mwaka ule ule.

Watu huisifu kazi hiyo kwa upesi wake. Mimi naistaajabia kwa sababu nyingine. Ilifanywa na mtu aliyeelemewa, katika miezi ile mibaya, naye hakungoja moyo wake upone kwanza ndipo ashike kalamu. Wala tusisahau kwamba kazi ilitanguliwa na zile siku chache za kuonana na rafiki. Sidhani angeianza kama asingeshuka mlimani.

Mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa zamani. Na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wao Hans. Walikaa katika nyumba kubwa ya watawa iliyoachwa, nayo ikajaa wanafunzi, wageni na jamaa.

Tena tufike mwaka 1527, mgumu kuliko yote. Tarehe 6 Julai, katika siku za jua kali la kwao, asubuhi moyo wake ulilemewa mno, akatuma kumwita mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, akaungama mbele yake kama Mkristo ye yote wa usharika. Jioni Justus Jonas na mkewe wakaja kula naye. Kabla ya chakula sikio lake la kushoto likaanza kuvuma, akainuka aende kulala, na mlangoni pa chumba akaishiwa nguvu, akaomba maji. Jonas akammwagia maji baridi. Wakamwita tabibu, Augustin Schurff. Luther akadhani anakufa, akawaaga Katharina na mtoto mdogo. Siku ya pili mwili ulipata nafuu; moyo haukupata. Kwa miezi mingi akawa kama mtu atupwaye na mawimbi, naye hakuficha. Aliwaandikia rafiki zake wazi, akiomba wamwombee, akikiri kwamba Kristo alikuwa karibu kumpotea kabisa. Mwalimu wa walimu, aliyewafundisha maelfu kumtegemea Mungu, aliomba kuombewa na waliokuwa wanafunzi wake.

Mwezi wa Agosti tauni ikaingia Wittenberg. Chuo kikahamishiwa Jena. Johann, mtawala mpya wa Sachsen, akamwagiza Luther aende pia. Akakataa, akabaki pamoja na Bugenhagen na wasaidizi wawili ili wagonjwa wasikose mchungaji. Nyumba yake ikawa hospitali. Mke wa tabibu Schurff aliugua humo ndani. Mtoto Hans aliugua, siku nyingi hali chakula. Mapema Novemba dada yake Bugenhagen, mke wa shemasi Georg Rörer, akafa mjini pamoja na mtoto aliyekuwa akimzaa, na Katharina mwenyewe alikuwa mja mzito. Hebu fikirini hofu ya nyumba ile. Hata nguruwe wao watano walikufa.

Na hiyo ndiyo miezi ya giza. Nje tauni na baridi, ndani wagonjwa, na ndani ya mtu huyu vita isiyoonekana. Alifanya nini? Hakufanya mambo makubwa. Alihubiri siku zake zilipofika. Aliandika kitabu kidogo cha kuwajibu waliouliza kama Mkristo aweza kuukimbia ugonjwa wa kuambukiza. Tarehe 1 Novemba alikumbuka pamoja na rafiki zake kwamba miaka kumi imetimia tangu kuanza vita vya vyeti vya msamaha, wakanywa kwa ukumbusho huo, katikati ya msiba wote. Tena Bugenhagen na jamaa yake wakahamia kwake, wakakaa nyumba moja, ili watu wawili wenye mizigo wasiilale kila mmoja peke yake. Tarehe 10 Desemba Katharina akajifungua salama mtoto mwanamke, Elisabeth. Tauni ikapungua. Elisabeth hakuishi hata mwaka; alikufa Agosti 1528, naye Luther alishangaa kuona jinsi moyo wa baba uwezavyo kulainika.

Tangu siku zile alikuwa na shauri moja ambalo hakuchoka kulitoa: mwenye huzuni asikae peke yake. Aliwaambia waliokula mezani pake kwamba afadhali amwendee mchungaji wa nguruwe, au nguruwe wenyewe, kuliko kuachwa na mawazo yake. Mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyewafundisha watoto wake naye alikuwa na maradhi hayo hayo, kwamba acheke, acheze, azungumze na watu. Mwaka 1534 alimshauri Joachim, mtawala kijana wa Anhalt, apande farasi, aende kuwinda na kujifurahisha na wenzake, wala asidhani kwamba furaha iliyo safi ni dhambi. Na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, mchana wa huko ulipokuwa ukifupika, alimwandikia Matthias, ndugu yake Hieronymus, mpiga kinanda cha kanisa, kwamba huzuni ikimjia aende kwenye kinanda chake apige na kuimba hata mawazo mabaya yaondoke. Mwenyewe alipiga zeze baada ya chakula cha jioni, na nyumba nzima ikaimba.

Shauri lake moja sipendi tulifuate. Alimwambia kijana Weller kwamba pengine anywe zaidi kidogo ili kumkomesha shetani. Pombe ya nyumba ile aliipika Katharina, na Luther aliipenda. Lakini sisi tumewaona ndugu zetu wakiipeleka huzuni yao kwenye rubisi wakati wa mvua, nao hurudi nayo ikiwa nzito zaidi. Luther alikuwa mwalimu mkubwa, na mwalimu mkubwa naye ana mahali pa kukosea.

Kuna alama nyingine ya miezi ile ambayo watoto wetu huijifunza. Katekismo Ndogo ilitoka mwaka 1529, mwaka mmoja na zaidi kidogo baada ya tauni. Humo, baada ya sala ya asubuhi, Luther ameagiza mtu aende kazini kwa furaha, na ikiwezekana aimbe wimbo. Na baada ya sala ya jioni, alale mara moja kwa moyo mkunjufu. Mimi zamani nililiona agizo hilo kuwa dogo mno kuandikwa kitabuni. Lakini mtu aliyejua usiku usio na usingizi, na asubuhi isiyotaka kuamka, ndiye aliyeliandika. Na ule wimbo wake wa ngome, unaotoka katika Zaburi ya 46, tuuimbao kila sikukuu ya Matengenezo, ulitungwa kati ya mwaka 1527 na 1529.

Ninyi walimu na wazee wa kanisa, angalieni pia jinsi alivyosaidiwa. Bugenhagen hakumkemea. Alikuja alipoitwa, alisikiliza, alimtamkia ondoleo la dhambi, na baadaye alileta mkeka wake. Tabibu naye aliitwa, wala hapana aliyesema kwamba kumwita tabibu ni kukosa imani. Mtu wa mtaa wako asipoonekana ibadani Jumapili mbili za mvua, nenda kwake, keti naye, umwombe akusaidie kazi fulani ndogo. Ukiona hali wala halali, au anasema maneno ya kutaka kufa, usimwache peke yake hata usiku mmoja; mpeleke hospitali, uende pamoja naye.

Luther hakupona kabisa. Mwaka 1542 alimzika binti yake Magdalena, mwenye miaka kumi na mitatu, na kwa muda mrefu huzuni ile haikumtoka. Safari yake ya mwisho nayo ilikuwa ya wakati wa baridi. Januari 1546 alikwenda Eisleben, mji aliozaliwa, awapatanishe watawala wa Mansfeld waliogombana. Mto Saale ulikuwa umefurika, na mapande ya barafu yakielea juu yake, akazuiliwa siku tatu mjini Halle, nyumbani kwa rafiki yake Jonas. Kutoka njiani alimwandikia Katharina barua za kumchekesha, kwa sababu alijua kwamba mkewe hapati usingizi kwa kumhofia. Ugomvi wa watawala ukapatanishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari akashikwa na maumivu ya kifua, akafa kiasi cha saa tisa ya usiku. Chumbani walikuwamo wanawe wawili, Martin na Paul, na matabibu, na mhubiri wa Mansfeld. Na kando ya kitanda alisimama Justus Jonas, yule aliyemmwagia maji mwaka 1527.